Neno "Bear" la Kiingereza na Mizigo Yake katika Kiswahili

Katika maneno ya Kiingereza yatupasayo kuyafundisha kila mwaka, yako machache yaonekanayo mepesi kwa macho, nayo ni mazito mkononi. Mojawapo ni kitenzi "bear". Wanafunzi wetu wa Mpanda wakutanapo nalo mara ya kwanza hufungua kamusi, wakaona kwamba maana yake ni dubu, mnyama mkubwa mwenye manyoya asiyepatikana katika nchi yetu. Basi husoma kwamba mama fulani "dubu" watoto watatu, au kwamba mti fulani "dubu" matunda, wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini twataka kueleza katika kurasa hizi kwa nini tulikoma kucheka, na kwa nini twaona inafaa kila mwalimu, karani na mfasiri alijue neno hili mpaka mizizi yake.

Mzee mmoja wa Mpimbwe alituletea barua ya Kiingereza. Binti yake alikuwa amepewa nafasi ya kujifunza uuguzi katika chuo kilicho mbali na mkoa wetu, na wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamekubali kulipa ada na chakula. Mwishoni mwa barua yaliandikwa maneno machache juu ya nauli, godoro, sanduku na sare: kwamba gharama hizo jamaa yake binti "would bear". Sisi, kwa haraka, tukamsomea mzee kwa Kiswahili: "Na gharama za safari na vifaa, jamaa mtazichukua ninyi." Mzee akashukuru sana, akakunja barua, akaenda zake.

Siku ya tisa akarudi. Alikuwa amepanda basi lipitalo katikati ya Hifadhi ya Katavi, akavuka mto Katuma pale Sitalike, akashuka mjini akiwa na mfuko mtupu wa nguo uliofungwa kwa kamba. Tukamwamkia, tukampokea, tukamwuliza habari za binti. Akasema, "Binti hajambo, yuko nyumbani. Nimekuja kuchukua zile gharama, mwalimu. Ulisema tutazichukua sisi, nami nimekuja na mfuko."

Hapo ndipo tulipojua tulichofanya. Mwenye barua alisema, "Mzigo huu ni wenu." Mzee alisikia, "Fedha hizi ni zenu, njoni mzitwae." Siku tisa zilikuwa zimepita, na siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imebaki moja. Habari ya mwisho wake tutaieleza baadaye. Kwanza na tulitazame neno lenyewe.

MAANA YA ASILI

Maana ya kwanza ya "bear" ni kuchukua kitu kizito huku ukikitegemeza kwa mwili wako, kama mpagazi achukuavyo mzigo begani au nguzo ichukuavyo boriti. Neno hili ni la kale sana katika Kiingereza, na lina ndugu wengi. Neno la Kiingereza la mzigo, "burden", limetoka katika shina hilo. Vivyo hivyo "birth", yaani uzazi. Na "bier", yaani kitanda cha kuchukulia maiti. Na "barrow", yaani kitoroli cha kusukuma. Mtu huingia ulimwenguni kwa neno hili, na hutolewa kwa neno hili hili, akichukuliwa na wenzake.

Wataalamu wa lugha waonyesha kwamba shina hili lapatikana pia katika lugha nyingine za jamii hiyo. Kwa Kilatini ni "ferre", na kwa Kigiriki ni "pherein", zote mbili zikiwa na maana ya kuchukua. Jina Kristofa, walilo nalo wengi katika parokia zetu, ni la Kigiriki, na maana yake ni mchukuzi wa Kristo. Sehemu yake ya mwisho ni ya shina lilo hilo la "bear". Yule dubu hana ujamaa na kitenzi hiki. Majina mawili yamekutana katika sauti tu, kama katika Kiswahili kaa la moto na kaa wa pwani.

Hata mafundi wa baiskeli na pikipiki wa Mpanda hulitaja neno hili kila siku pasipo kulijua. Wanaposema "beringi imekufa", wataja kile chuma chenye gololi kichukuacho uzito wa ekseli na kuiacha izunguke. Kimeitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kuchukua uzito. Mwanafunzi aliyesumbuliwa na neno la kamusi akionyeshwa beringi iliyovunjika, hufahamu upesi.

MIZIGO YA NCHI YETU

Nchi yetu yajua kuchukua mizigo kuliko nchi nyingi. Kabla ya reli na motokaa, bidhaa zote za bara zilikwenda kwa mabega na vichwa vya watu. Wanyamwezi na jirani zao walisifiwa kwa upagazi kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na furushi la nguo lililofungwa kwa safari liliitwa mtumba. Leo jina hilo limehamia katika nguo zilizokwisha kuvaliwa ziuzwazo sokoni; lakini asili yake ni bega la mpagazi.

Njia moja ya misafara ilipita katika nchi hii yetu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alikuta njia ya kawaida ya kwenda Ujiji imefungwa kwa vita vya Mirambo. Akageuka kusini, akapita Ukonongo pamoja na wapagazi wake, ndipo akaelekea Ujiji. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ya Zambia ya leo, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake safari ya miezi mingi hadi pwani, wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Baada ya kupita Unyanyembe waliufunga kwa umbo la mtumba wa kawaida, wasije wakazuiwa na watu walioogopa maiti. Mwingereza akisimulia safari hiyo hutumia "bear" tangu mwanzo hata mwisho: waliuchukua mwili, walistahimili njaa, walimshuhudia bwana wao. Kiswahili chahitaji vitenzi vitatu pale ambapo Kiingereza chatosheka na kimoja.

Kisha wakaja watu waliotaka kuwapumzisha wapagazi, au tuseme, kupunguza gharama yao. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo cha Karema ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold II. Mwaka huo huo mfalme alileta ndovu wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Kapteni Carter, ili ajaribu kama wanyama hao waweza kuchukua mizigo hadi bara. Ndovu walivuka mito na vichaka kwa nguvu ya ajabu, lakini wakafa mmoja baada ya mwingine, na jaribio halikuendelea. Carter mwenyewe aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe mwezi wa Juni 1880, katika vita vya watu wa Mirambo. Methali yetu husema, "Ndovu hashindwi na mkonga wake." Naam, mkonga wake hakushindwa nao, alishindwa na mizigo ya watu wengine katika nchi asiyoizoea.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa zamani, bali reli ilibaki ikichukua watu na mazao. Hivyo kazi ya bega ilihamia katika chuma, lakini maneno ya bega yalibaki vinywani.

KUCHUKUA NA KUZAA

Maana ya pili ya "bear" ni kuzaa. Hapa mwanafunzi huuliza: kuchukua mzigo na kuzaa mtoto vyahusianaje? Twamjibu kwa kumwuliza yeye Kiswahili chake. Twamwitaje mwanamke mwenye mimba? Twamwita mja mzito. Mimba yenyewe huchukuliwa, twasema, "Amechukua mimba." Na siku yake ikifika twasemaje? Twasema, "Amejifungua." Mpagazi afikapo kambini hufungua mzigo, na mama afikapo mwisho wa miezi yake hujifungua. Kiingereza na Kiswahili vimeona jambo lile lile. Kiarabu nacho kimeliona, maana mwanamke mwenye mimba kwa Kiarabu huitwa kwa shina la kuchukua mzigo, ndilo lililotupa sisi neno hamali, yaani mchukuzi wa bandarini.

Tena mtoto akiisha kuzaliwa huendelea kuchukuliwa. Neno mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, ni la ukoo wa maneno ya Kibantu yaliyoenea mbali. Kusini kwa Afrika, kwa Kizulu, ukoo huo una kitenzi cha kubeba mtoto mgongoni na kitenzi cha kuzaa pia. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo, waliotoka Burundi katika miaka ya 1970, wana neno "ingobyi". Ni kitu cha kumbebea mtoto mgongoni, na pia ni machela ambayo majirani humchukulia mgonjwa. Kwa Kirundi, basi, mtoto na mgonjwa wachukuliwa katika jina moja. Na Mwingereza naye ana jina la ukoo mmoja kwa uzazi na kwa kitanda cha maiti. Mwenye kufikiri ataona kwamba si ajabu: hizo ndizo siku ambazo mtu hawezi kwenda kwa miguu yake.

Katika sarufi yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kitenzi hiki chabadilika: sasa ni "bear", jana ni "bore", na namna ya tatu ina maandishi mawili. Ikiwa twasema mtu alizaliwa, kama "alizaliwa Karema", huandikwa "born" pasipo herufi ya mwisho. Ikiwa twasema mama amezaa watoto watatu, au mzigo umechukuliwa, au taabu imestahimiliwa, huandikwa "borne". Mtoto asemwapo peke yake huandikwa kwa ufupi. Mama na mzigo vyapata herufi moja zaidi. Wanafunzi wetu hulikumbuka vema wakiambiwa hivyo.

Mti nao huzaa matunda katika lugha zote mbili, na fedha vilevile. Mkopo wenye riba, kwa Kiingereza, ni mkopo uchukuao riba kwa neno hili, nasi twasema fedha imezaa. Hapo mfasiri hana shida: zaa kwa zaa.

KUCHUKUA NA KUSTAHIMILI

Maana ya tatu ni ya moyo. Mtu aliyefiwa, mtu anayeonewa, mtu mwenye maumivu, Waingereza husema kwamba aichukua huzuni yake. Sisi twasema astahimili au avumilia. Wengi hawajui kwamba kustahimili nako ni kuchukua mzigo. Neno hilo limetoka katika shina lilo hilo la Kiarabu lililotupa hamali. Shina hilo limetupa pia himili, na mhimili, yaani boriti au nguzo ichukuayo uzito wa nyumba. Basi asemaye, "Amestahimili msiba," asema kwamba amekuwa hamali wa msiba wake, amekuwa mhimili wa nyumba yake.

Kiswahili cha Kibantu nacho kina neno lake, nalo ni zuri kuliko yote: kuchukuliana. Watu wachukulianao ni watu ambao kila mmoja aubeba udhaifu wa mwenziwe, leo huyu, kesho yule. Kiingereza husema "bear with", na wengi hutafsiri kwa kusema "uwe na subira nami". Si kosa, lakini subira ni ya mmoja, na kuchukuliana ni kwa wawili.

Katika desturi zetu jambo hili laonekana kwa macho. Kijana akikutana njiani na mzee mwenye mzigo, humwamkia, kisha humpokea mzigo wake. Mgeni afikapo nyumbani mzigo wake hupokewa mapema, na kumwacha mgeni asimame na mzigo mkononi huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Wasafiri wawili wenye mzigo mmoja hupokezana. Na iko methali ya kutuonya sisi tusio na mzigo: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Ukiutazama mzigo wa mwenzio huuona mwepesi kama pamba ya msufi.

Tukitaka mfano wa mtu wa nchi hii ambaye maana hizi zote zilikutana kwake, twamkumbuka Adrian Atiman wa Karema. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa utotoni, akachukuliwa kupita jangwani kama bidhaa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akafundishwa uganga wa Kizungu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hata alipofariki mwaka 1956. Yeye aliyechukuliwa kama mtumba aliwachukua wengine kwa muda wa miaka zaidi ya 60. Katika sentensi hiyo ya mwisho tumetumia chukua mara mbili, na msomaji amefahamu bila shaka kwamba maana ya kwanza si ya pili.

MAHALI LUGHA ZINAPOACHANA

Si kila mahali lugha hizi mbili hwenda pamoja. Mwingereza huchukua ushahidi. Sisi twautoa, au twashuhudia. Mwingereza huchukua jina. Sisi twaitwa kwa jina, au twarithi jina la babu. Mwingereza huchukua chuki juu ya mtu. Sisi twaweka kinyongo, twaifunga moyoni. Mwingereza huambiwa alichukue neno akilini. Sisi twaambiwa tulitie moyoni, au tukumbuke. Mwingereza akielekezwa njia huambiwa, kwa kitenzi hiki hiki, aende upande wa kushoto. Sisi twamwambia ashike mkono wa kushoto. Na asiyempenda mtu husema kwamba hawezi kumchukua; sisi twasema, "Simwezi," au, "Hatuchukuliani."

Kiswahili kwa upande wake kina mifano ya kuchukua ambayo Kiingereza hakina. Pepo humpagaa mtu, yaani humpanda kama mzigo umpandavyo mpagazi, naye hupagawa. Mkubwa humtwika mdogo madaraka. Asiye na kosa hubebeshwa lawama. Vijana wa leo, wakitoka uwanja wa mpira, husema refa ameibeba timu fulani, yaani ameipendelea. Anayebebwa naye huambiwa ajishike vema, maana mgongo wa mwingine si kiti. Nguo ikimfaa mtu, wazee husema, "Nguo hii inakuchukua." Na mwana awalishaye wazazi wake kwa desturi njema husemwa anawachukua wazee wake.

ASILI YA KOSA LETU

Hapa twafikia kiini cha kosa letu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa chini ya Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939 kwa kazi ya Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, yaonyesha kwamba maana kubwa ya chukua ni kubeba mzigo na kutegemeza. Wakati huo, kwa kushika kitu na kukifanya chako, neno lililotumika sana lilikuwa twaa. Mpagazi alichukua, mwenye mali alitwaa. Lakini siku hizi twaa limepanda daraja, limebaki katika maandiko, katika sherehe, na kwa timu itwaayo kombe. Nafasi yake ya kila siku imekaliwa na chukua. Mtoto akiambiwa, "Chukua," hunyosha mkono apokee. Haegemezi bega.

Sisi tulilelewa na vitabu vya misheni. Masikioni mwetu chukua bado lina harufu ya jasho la mpagazi. Mzee wa Mpimbwe, ingawa ni mkubwa kuliko sisi kwa miaka, huzungumza Kiswahili cha sokoni na cha redio, na kwake chukua ni kupokea. Tulitumia neno sahihi la mwaka 1939 kwa mtu aishiye leo. Kamusi isingetuhukumu, mfuko mtupu wa mzee ulituhukumu.

Tena na tuseme kweli yote. Kosa halikuwa la neno tu. Tulipomsomea tuliona amefurahi mno, hatukumwuliza amefahamu nini. Mtu aliyeambiwa kwamba atalipa nauli, godoro, sanduku na sare kwa wakati mmoja, na mavuno hayajauzwa, hafurahi namna ile. Uso wake ulitwambia kwamba maana haijafika, nasi tulikuwa tukitazama karatasi.

KANUNI TATU

Tangu siku hiyo twawafundisha wanafunzi wetu kanuni tatu wanapokutana na kitenzi hiki, na vingine vya namna yake.

Kanuni ya kwanza: uliza ni nani abakiye na uzito sentensi ikiisha. Kama ni mtajwa, basi usiseme kitu kiwezacho kusikika kama kupewa. Kwa gharama sema, "mtalipa ninyi," au, "zitakuwa juu yenu." Kwa lawama sema, "zitawaangukia ninyi." Maneno haya si ya kifahari, lakini hayana milango miwili.

Kanuni ya pili: uliza kama jambo linaingia au linatoka. Likitoka ndani ya mtu, mti au mali, ni zaa. Likikaa juu yake au ndani yake, ni beba, himili, stahimili. Mama mmoja huyo huyo aweza kutajwa kwa njia zote mbili katika ukurasa mmoja, kwa maana amezaa na tena amestahimili. Wahenga wamekwisha kutupambanulia: "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Kiingereza chaweza kutumia "bear" kwa kuzaa na kwa uvumilivu wa kulea, na asiye mwangalifu atayachanganya.

Kanuni ya tatu: ukiisha kufasiri, mwombe msikilizaji akurudishie kwa maneno yake. Mpagazi mwema hatupi mzigo mlangoni na kuondoka. Hungoja mwenyewe aufungue, ahesabu.

Neno hili la mpagazi hatukulileta kwa kupamba. Kitenzi cha Kiingereza cha kufasiri, "translate", chatoka katika Kilatini, na maana yake ni kuchukua kitu na kukivusha ng'ambo. Sehemu yake ya mwisho ni namna ya wakati uliopita ya kile kitenzi "ferre" tulichokitaja. Tena jina la Kigiriki la usemi wa mfano, ambalo Waingereza wamelipokea kuwa "metaphor", maana yake ni kuhamisha mzigo. Nalo ni la shina la "pherein". Hivyo mfasiri ni mpagazi kwa jina lake, na usemi wa mfano ni mzigo uliohamishwa kutoka mahali pake pa asili. Mfasiri wa usemi wa mfano ana mizigo miwili begani, na yampasa aende polepole.

MWISHO WA HABARI

Sasa turudi kwa mzee. Tulimweleza kosa letu wazi, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akiufungua na kuufunga ule mfuko. Kisha akasema, "Mwalimu, ungaliniambia, 'Mzigo ni wenu,' ningaliuza mpunga siku ile ile, kwa bei yangu. Sasa nitauuza kesho, kwa bei ya mnunuzi." Hatukuwa na jibu, kwa maana ilikuwa kweli. Tulimpa tulichokuwa nacho, na mwalimu mwenzetu akaongeza nauli. Mzee akarudi Mpimbwe kwa basi la jioni. Magunia yaliuzwa, na ndugu wakakamilisha yaliyopungua. Binti aliripoti akiwa amechelewa siku nne, akapokewa, lakini kwa onyo lililoandikwa katika karatasi zake tangu siku ya kwanza. Onyo hilo ni letu, ingawa limeandikwa kwa jina lake.

Binti yuaendelea vema na masomo. Alipokuja kutuamkia wakati wa likizo alitaka kutusaidia kubeba madaftari kutoka darasani, nasi tukakataa. Akayachukua kwa nguvu, akatangulia. Mzee naye hutupitia kila ajapo mjini. Mara ya mwisho alituletea barua nyingine ya Kiingereza, akaketi, akasema, "Soma polepole, mwalimu, kisha nitakuambia mimi nilivyosikia." Tukasoma, naye akaturudishia neno kwa neno, hata sote wawili tukaridhika.